Sahani 220 kabla ya Same: uchambuzi wa chakula cha jioni kwenye treni ya usiku Arusha–Dar

Saa 1 na nusu usiku. Treni imeshaipita Kahe na inaelekea Kisangara. Kwenye behewa la chakula foleni imefika mlangoni. Jikoni kuna majiko manne ya gesi: mawili yamebeba wali, la tatu nyama, la nne chai. Mhudumu ameingia sasa hivi na oda sita za chipsi mayai. Mabehewa manne nyuma, daraja la tatu, mama mmoja hawezi kuacha mizigo yake, kwa hiyo amemtuma mwanawe wa miaka kumi akanunue wali maharage sahani mbili. Mtoto anarudi baada ya dakika 50, mikono mitupu. Maharage yamekwisha.

Kisa hiki tumekipanga sisi. Namba zake zimewekwa ili hesabu ifuatike. Hazitoki kwenye daftari la shirika lolote. Njia yenyewe lakini ni ya kweli. Reli ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, na baada ya miaka mingi bila abiria, treni ya kutoka Dar ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020. Safari ni ya usiku kucha, na mtu anayesafiri usiku kucha lazima ale.

Tuchukue treni yenye mabehewa manane ya abiria na behewa moja la chakula. Inaondoka Arusha saa 8 mchana, inafika Moshi saa 11 jioni, inasimama nusu saa, kisha inafika Same kama saa 2 na nusu usiku. Abiria ni 480. Tuseme sita katika kila kumi wanataka mlo wa jioni, yaani watu 288. Waliobaki wamebeba chakula chao au watanunua kwa wachuuzi.

Kwa nini jiko linazidiwa

Jibu la haraka la wengi ni kuongeza mpishi. Tuhesabu kwanza. Sufuria ya lita 20 kwenye treni inayoyumba haijazwi kupita theluthi mbili, la sivyo maji ya moto yanamwagika kwenye kona ya kwanza. Kwa hiyo sufuria hiyo inapokea mchele kilo 4 na maji kama lita 6, na inatoa wali wa kilo 10 hivi. Kwa sahani ya gramu 350 hizo ni sahani 28. Sufuria mbili zinatoa 56. Ukijumlisha kupika, kupakua, kuosha na kuanza upya, mzunguko mmoja unakula saa nzima. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku ni mizunguko mitatu, sahani 168, tena ikiwa hakuna kilichoungua. Watu 120 wamebaki na njaa, na mpishi wa pili hana jiko la kupikia.

Viti navyo vinasimulia habari hiyohiyo. Behewa la chakula lina viti 40. Mteja anakaa dakika 45 kwa sababu dakika 20 za mwanzo anasubiri sahani. Katika saa tatu viti hivyo vinahudumia watu 160. Chakula kingekuwa tayari, mteja angekaa dakika 25, na viti vilevile vingehudumia karibu 280. Tatizo halikuwa ufinyu wa behewa.

Chipsi ndizo zinazomaliza kazi. Sahani moja ya chipsi mayai inashikilia jiko karibu dakika kumi, na mafuta ya nyuzi 175 kwenye karai, ndani ya chumba kinachotikisika, ni hatari ambayo hatuoni sababu ya kuikubali. Treni ikifunga breki ghafla mafuta hayo yanaruka juu ya moto au juu ya mtu. Kukaanga kwa mafuta mengi kusiruhusiwe treni ikiwa mwendoni. Abiria watalalamika mwezi wa kwanza, na hilo linavumilika.

Pika Moshi

Pendekezo letu ni kwamba sahani 220 kati ya zile 288 zipikwe chini, Moshi, zipakuliwe zikiwa za moto na zipandishwe treni inaposimama. Behewa la chakula libaki na sahani 68, chai, na kifungua kinywa. Kazi hiyo linaimudu bila kuhema.

Wazo hili si geni. India, katika sera yake ya chakula cha reli ya mwaka 2017, iliamua kutenganisha upishi na ugawaji: chakula kipikwe kwenye majiko makubwa ya ardhini, ndani ya treni kigawiwe tu. Marekani walipita njia nyingine. Mwaka 2019 Amtrak, shirika lao la treni za abiria, iliondoa upishi wa kawaida kwenye treni zake za usiku za mashariki na kuweka vyakula vya paketi vya kupashwa moto. Abiria walinung'unika sana, na mwaka 2021 upishi wa kawaida ulirudishwa kwenye treni za masafa marefu za magharibi. Tunachokiona hapo ni kwamba kuhamisha jiko kunakubalika, ila kinachofika mezani kiwe chakula ambacho mtu angekila nyumbani kwake.

Kwa nini Moshi na si Arusha? Chakula kilichopandishwa Arusha saa 8 kinaliwa saa 1 usiku, saa tano baadaye. Kilichopandishwa Moshi kina umri wa saa moja na nusu. Pia kuna jambo ambalo wapishi wa Arusha wanalijua kwa uzoefu: maharage yao yanachelewa kuiva. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na maji yake huchemka kwenye nyuzi 95. Moshi, mita 800 na kitu, huchemka kwenye nyuzi 97. Nyuzi mbili hizo zinaonekana kwenye gesi ukipika sufuria kubwa kila safari. Mchele wa Chekereni na Kahe uko jirani, na ndizi zinashuka mlimani kila siku ya soko.

Nini kinasafiri, nini hakisafiri

Orodha iwe na vyakula vitatu. Vinne ni vingi.

Machalari ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Ndizi zilizopikwa kwa nyama kwenye mchuzi mzito hushika joto muda mrefu, hazikauki, na hazihitaji mchuzi wa pembeni wa kumwagikia nguo. Makande ni ya pili: mahindi na maharage kwenye chombo kimoja, kijiko kimoja, hakuna nyama, bei nafuu. Wakatoliki wa Moshi hawali nyama Ijumaa za Kwaresma, na siku hizo oda ya makande huenda ikawa mara mbili. Cha tatu ni wali, kwa maharage au kwa nyama.

Ugali hatuuweki kwenye boksi. Ukipoa nusu saa unakuwa mgumu, na mvuke wake unalowesha kila kitu. Upikwe ndani ya treni kwa wanaokula mezani. Wali wa nazi nao tunauacha, kwa sababu tui huchacha mapema kwenye joto la uvuguvugu. Mchicha ukifungiwa kwenye joto kwa saa mbili unageuka rangi na unanuka. Tumia kabichi iliyokatwa nyembamba na kukaangwa kidogo. Kachumbari iende peke yake kwenye kikopo baridi na ndimu, kamwe isiwekwe juu ya wali wa moto. Chipsi zikifunikwa zinalainika kwa mvuke wake zenyewe, na hakuna foili itakayoziokoa. Nyama iwe imechinjwa kwa taratibu za Kiislamu ili ofisi isihitaji kuwagawa abiria.

Kwa sahani 220 tumegawa hivi: wali 120 (80 kwa maharage, 40 kwa nyama), machalari 60, makande 40. Mchele unaohitajika ni kilo 17. Maharage makavu ya wali kilo 6, yalowekwe usiku na maji yake yamwagwe. Nyama mbichi isiyo na mfupa kilo 15, ukikadiria gramu 150 kwa sahani ambazo zikiiva zinabaki kama gramu 100. Ndizi zenye maganda kilo 35, maana ukishamenya zinabaki 21. Makande yanataka kilo 7 za mahindi yaliyokobolewa na maharage pamoja, mahindi mawili kwa maharage moja. Bei za sokoni hupanda na kushuka, kwa hiyo tumeacha shilingi. Mwenye kilo mkononi atapiga bei za wiki yake mwenyewe, awe Mbuyuni au Kiboriloni.

Oda ichukuliwe mtu anapokata tiketi. Swali ni moja: wali, machalari, makande, au hapana? Jibu liandikwe kwenye tiketi na kwenye karatasi ya mgao, kwa behewa na kiti, na alipe hapohapo. Wanaopandia Arusha waweze kuagiza mpaka treni inapoondoka. Wa Moshi mwisho saa 8 mchana. Tenga sahani 20 za akiba ndani ya zile 220, na nyingi ziwe makande, kwa sababu yakibaki yanavumilia kuliko wali. Bila karatasi ya mgao mpango huu wote unavunjika. Mhudumu atafika behewa la sita na sahani ambazo hakuna aliyeziagiza, na aliyeagiza yuko la tatu.

Treni ikichelewa

Hapa ndipo mipango mingi ya jiko la chini inapofia, na ndipo tungependa msomaji atulie.

Wali uliopakuliwa na kufunikwa ukikaa kwenye joto la uvuguvugu ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Mchele una mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus ambazo kupika hakuziui. Wali ukishuka chini ya nyuzi 60 na kukaa hivyo kwa saa kadhaa, mbegu hizo huchipua, na sumu ya kutapisha inayotengenezwa haiondoki hata ukiupasha tena mpaka uchemke. Ndiyo maana mwiko wa kwanza ni huu: wali uliopoa haupashwi, unatupwa. Mchuzi wa nyama kwenye sufuria kubwa una bakteria wake, Clostridium perfringens, anayependa chakula kinachopoa polepole. Wajapani huuza vyakula vya boksi kwenye stesheni zao na huliwa baridi, ila vimetengenezwa tangu mwanzo kuliwa hivyo. Wali maharage wetu haukutengenezwa hivyo.

Basi jiko la Moshi lisifuate saa ya ukutani. Lifuate treni. Maharage, makande na nyama vianze asubuhi, kwa sababu vinaweza kukaa juu ya moto mdogo, vikifukuta juu ya nyuzi 70, bila kuharibika. Machalari ianze saa 9 alasiri. Mchele usiguswe mpaka simu ipigwe kwamba treni imeshatoka Usa River. Mchele unaiva kwa dakika 40 kwenye masufuria makubwa ya chini, na muda wa kutoka Usa River hadi Moshi unatosha. Simu ya pili inatoka Rundugai, stesheni ya mbele yake kuelekea Moshi: hapo ndipo upakuaji unaanza. Watu wanne kwenye mstari, mmoja wali, mmoja mchuzi, mmoja mboga, mmoja kufunika na kubandika namba, kwa sekunde kumi kila sahani, wanamaliza 220 kwa dakika 37. Treni ikikwama kati ya Usa River na Rundugai wali umeshaiva, lakini bado uko kwenye sufuria iliyofunikwa, na hapo unahimili saa nzima juu ya makaa. Ikikwama kabla ya Usa River hujapoteza hata punje.

Simu hizo mbili zinagharimu kidogo sana. Zisipopigwa, wapishi watapika kwa ratiba, treni itachelewa saa tatu, na jioni hiyo kilo 17 za mchele zitaingia jalalani au, vibaya zaidi, matumboni.

Chakula kinaingia kwenye chombo cha foili cha mililita 750 chenye mfuniko wa karatasi ngumu. Mifuko ya rambo imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo kijiko na kitambaa vifungwe kwa kaki. Chakula kitoke kwenye sufuria kikiwa nyuzi 85 au zaidi. Kwenye chombo kitashuka mpaka 75 hivi. Sahani 20 zinaingia kwenye boksi moja la kuhifadhi joto, kwa hiyo maboksi ni 11, kila moja kama kilo 17. Boksi lipashwe kwanza: mimina maji yaliyochemka, funga dakika 15, mwaga, pangusa, ndipo upange. Boksi ambalo halikujaa hupoa haraka, kwa hiyo nafasi tupu ijazwe makopo ya stili yaliyojaa maji ya moto. Kabla ya kugawa, mhudumu achome sahani moja ya katikati na moja ya pembeni kwa kipimajoto chenye sindano. Ikisoma chini ya 60, boksi zima haligawiwi. Hakuna mjadala wa kuonja.

Kupandisha na kugawa

Kosa la kawaida ni kupandisha maboksi yote kwenye behewa la chakula halafu kuyabeba mwendoni. Reli yetu ya zamani ni ya mita moja, mabehewa yake ni membamba, njia ya katikati imejaa mabegi na ndoo, na toroli haivuki pale mabehewa yanapoungana. Kila boksi liandikwe namba ya behewa na lipandishwe kwa mlango wa behewa hilohilo, pale Moshi. Watu wanne wanamaliza maboksi 11 kwa dakika kumi. Daraja la kulala lina kachumba ka mhudumu. Daraja la tatu hakuna, kwa hiyo viti viwili vya karibu na mlango visiuzwe mpaka Same. Hiyo ni gharama, na tunaona inalipa: mama wa behewa la mwisho analetewa sahani zake mbili kitini, na mtoto hapiti kati ya mabehewa gizani.

Kunawa kusisahauliwe. Ndoo ya koki ya lita 20 mwisho wa kila behewa, sabuni ya maji, na beseni la kupokea. Kwa watu 60 wa behewa moja inatosha kama kila mmoja anatumia theluthi ya lita. Kiroba kimoja cha takataka kwa kila behewa kizungushwe dakika 30 baada ya kugawa, la sivyo foili zote zitatokea dirishani kabla ya Same.

Ramadhani hubadilisha saa. Magharibi inaingia kama saa moja baada ya treni kutoka Moshi, kwa hiyo waliofunga wapewe tende, uji na maji kwanza, sahani zifuate. Chai na chapati za daku ziwe tayari saa 10 alfajiri.

Jiko la ndani ya treni

Likishapunguziwa mzigo, behewa la chakula lifanye kile linachokiweza. Chai ya vikombe 300 vya robo lita ni lita 75. Sufuria ya lita 20 kwenye jiko la kawaida la gesi huchukua dakika 40 au zaidi kuchemka, kwa hiyo kazi ianze saa 9 usiku na chai imiminwe kwenye machupa makubwa ya kuhifadhi joto. Tangawizi kutoka milima ya Same inatosha kuitofautisha na chai ya stendi. Mayai yachemshwe Moshi na yasafiri na maganda yake. Yakimenywa mapema yanakamata uchafu wa mikono. Maandazi yakae kwenye kreti yenye kitambaa, si plastiki, yasitoe jasho.

Mitungi ya gesi ifungwe kwa mnyororo, isimame wima, kwenye kisanduku chenye matundu chini. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni, na tundu la juu halisaidii kitu. Majiko yawe na kingo za chuma za kuzuia sufuria kuteleza.

Liwepo pia kabati moja lenye kufuli ambalo halifunguliwi kwa mauzo: biskuti paketi 480 na maji lita moja kwa kila abiria. Mvua ikikata tuta kati ya Mkomazi na Korogwe, treni inaweza kulala porini, na hakuna mchuuzi huko.

Wachuuzi wa stesheni wasifukuzwe. Anayeuza machungwa Korogwe anauza kitu ambacho jiko letu halina, na abiria wanamsubiri. Wapewe eneo la jukwaa lenye taa, na matunda yauzwe yakiwa na maganda.

Treni ya kupanda, kutoka Dar, ni kisa kingine, kwa sababu inafika Moshi asubuhi na mlo wake wa jioni unapaswa kupakiwa Dar kwenyewe, kwenye joto kali zaidi na foleni ndefu zaidi. Kwa upande huo, jiko la Moshi linaweza kutoa mtori wa moto vikombeni, upandishwe treni inaposimama asubuhi, kwa wale wanaoendelea Arusha. Ndizi zilizopondwa kwenye supu hushika joto vizuri, kikombe cha mililita 300 kinanywewa bila kijiko, na masaa yaliyobaki hadi Arusha hayaruhusu kitu kizito kuliko hicho.